Ulifungulia Wapi?

Dirisha la maombi ya ajira au ya mkopo wa chuo likikaribia kufungwa, kibanda changu cha picha hapa Kinampanda hujaa vijana wenye neno moja mdomoni: imepotea. Mmoja amepigwa picha kwa simu, ameihamishia kwenye laptopu ya mwenzake, amefuta bakgraundi ya ukuta wa bweni akaweka ya bluu, ameipunguza ukubwa ili mfumo uikubali, akabonyeza kuhifadhi. Programu haikulalamika. Anafunga, anaingia kwenye folda ya Pictures, hamna kitu. Anatazama Desktop, hamna. Anairudia kazi yote, anahifadhi tena, na picha inakwenda kulekule isikoonekana.

"Shikamoo mama. Nimehifadhi, lakini haipo."

"Marahaba, mwalimu. Ulifungulia wapi?"

Hapo wengi hunikodolea macho. Wao wanataka kujua picha ilikohifadhiwa, mimi nauliza ilikofunguliwa. Ila kwa miaka niliyokaa kwenye kiti hiki nimeona kwamba nikijua picha ilitoka wapi, mara nyingi nimeshajua imelala wapi.

Nawaita walimu hata wale ambao bado hawajashika chaki. Kinampanda ni kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, na ukimtajia mgeni jina lake atakuuliza habari za chuo cha ualimu kabla hajauliza habari za alizeti. Adabu ya hapa ndiyo hiyo: ukishapita geti la chuo, wewe ni mwalimu. Wao ndio wateja wangu wa kila siku, kwa picha za vitambulisho, za fomu, za mazoezi ya kufundisha. Wengine ni watu wa kipaimara, maana huku Walutheri ni wengi, na watu wa harusi, ambao huja baada ya mavuno fedha ikiwa mkononi.

Nilianza kazi enzi za filamu. Rola moja ilikuwa na picha 36. Ikijaa unaipeleka Singida mjini kusafishwa, unarudi na picha pamoja na negativu. Negativu nilizitia kwenye bahasha, nikaandika jina la mteja kwa penseli, bahasha zikakaa kwenye sanduku la bati. Mteja akirudi baada ya miaka kuomba nakala ya picha ya marehemu baba yake, nilijua mkono wangu uende wapi. Picha ilikuwa na mwili, na mahali pake nilipachagua mimi mwenyewe.

Kwenye kompyuta, usipochagua mahali, unachaguliwa. Kila programu ina mahali inapopaona pafaa, na wataalamu hupaita mahali pa chaguo-msingi. Shida ni kwamba anayechagua si mmoja. Programu ya kuhariri ina tabia yake, Windows ina yake, huduma ya kuhifadhi mtandaoni ina yake, na picha yenyewe huja na asili yake. Hawa wanne hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Hata programu zenyewe zilizaliwa nyumba tofauti. Photoshop iliandikwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ikatoka mwaka 1990 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh tu. Ilichukua miaka mitatu kufika kwenye Windows. GIMP, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayowashauri wanafunzi wasiotaka kuhangaika na programu za wizi, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kwa kompyuta za mfumo wa Unix. Usitegemee zikubaliane juu ya mahali pa kuweka picha ya mtoto wa Iramba.

Tuanze na tabia ya programu, maana ndipo penye kesi nyingi. Programu za kuhariri huwa na mojawapo ya mazoea mawili. Zoea la kwanza ni kurudisha picha kwenye folda ilikotoka. Ulifungua picha iliyoko Downloads, basi ukibonyeza kuhifadhi itakupeleka Downloads. Zoea la pili ni kwenda kwenye folda ya mwisho kutumika, bila kujali picha uliyo nayo sasa imetoka wapi. Mbuzi akihamishiwa zizi jipya, jioni utamkuta amesimama mlangoni mwa lile alilolala jana. Zoea hili la pili ndilo hilo. Kama jana ulihifadhi kazi kwenye folda ya harusi ya Kiomboi, picha ya pasipoti ya leo itaingia harusini, na wewe hutapata wazo la kuitafuta huko.

Katika Photoshop unaweza kuamua mwenyewe ni zoea gani lifuatwe. Ingia menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha File Handling. Kuna kisanduku kilichoandikwa "Save As to Original Folder". Kikiwa na alama ya vema, programu itafuata asili ya picha. Ukiitoa alama, itafuata folda ya mwisho. Kwa studio ndogo yenye wateja wengi wa haraka haraka, mimi huacha alama iwepo. Anayefanya albamu moja ya harusi kwa wiki nzima, huku picha akizitoa kwenye kadi tatu tofauti, anaweza kuona zoea la pili linamfaa zaidi. Hapo hapo kuna pia chaguo la kuhifadhi kwenye kompyuta au kwenye wingu la mtandao la kampuni. Chagua kompyuta. Huku kwetu intaneti inategemea bando na upepo, na kazi ya mteja haipaswi kutegemea vyote viwili.

GIMP haina kisanduku cha namna hiyo, lakini nayo huangalia asili ya picha na mahali ulipohifadhi mwisho. Kinachowachanganya watu zaidi ni kitu kingine. Tangu toleo la 2.8 lililotoka mwaka 2012, GIMP imetenganisha kuhifadhi na kutoa. Ukibonyeza "Save" inakupa faili ya aina ya XCF, ambayo ni kazi ghafi yenye matabaka yake yote, na ambayo mfumo wa maombi hautaipokea. Ukitaka JPG, unatumia "Export", au vibonye vya Ctrl, Shift na E kwa pamoja. Kijana anayetafuta "picha.jpg" ataitafuta hadi jua lizame, kwa sababu alichohifadhi ni "picha.xcf", na kwenye dirisha la kupandisha picha faili za aina hiyo hata hazionyeshwi. Iko palepale mbele yake. Photoshop nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2021: picha yenye matabaka haikupi tena JPG kwenye "Save As", inabidi uende "Save a Copy". Mafundi wakubwa walipiga kelele, mpaka ikawekwa sehemu kwenye mipangilio ya kurudisha utaratibu wa zamani.

Sasa niseme kwa nini swali langu ni "ulifungulia wapi", maana kuna mahali ambapo asili ya picha si folda yoyote unayoijua.

Mtu ametumiwa picha kwenye WhatsApp ya kompyuta. Anaibonyeza palepale, inafunguka, anaipeleka kwenye programu ya kuhariri, anafanya kazi, anahifadhi bila kutazama. Programu kwa utiifu inairudisha ilikotoka. Na ilikotoka ni folda ya ndani kabisa ya programu ile ya ujumbe, iliyofichwa chini ya folda iitwayo AppData, ambayo Windows haikuonyeshi mpaka uombe. Ndivyo ilivyo pia kwa picha iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe. Kesi mbaya kuliko zote ni ya faili la zip. Katibu wa kwaya anakuletea picha za kipaimara zimefungwa kwenye zip moja. Unaibonyeza, unaona picha zimejipanga kama kwenye folda ya kawaida, unafungua moja, unaisafisha uso, unahifadhi. Kumbe Windows ilitoa nakala ya muda, ikaiweka kwenye folda ya vitu vya muda, na wewe umeihariri nakala hiyo. Ndani ya zip picha iko vilevile kama ilivyokuja. Kazi yako imelala kwenye folda iitwayo Temp, na Windows ina kifagio kinachopita humo, Storage Sense, ambacho kikiwashwa hufuta vitu vya muda bila kukuuliza.

Kuipata ni kazi ya dakika moja ukiwahi. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, kisanduku kidogo kitatokea kushoto chini. Andika %temp% na alama zake za asilimia, bonyeza Enter. Folda itafunguka imejaa majina ya ajabu ajabu. Usiogope majina, panga kwa tarehe ya kubadilishwa, vya karibuni vije juu. Mara nyingi picha utaiona humo, ndani ya kifolda chenye jina la ile zip. Inakili haraka uiweke mahali pa kueleweka.

Njia nyingine, ambayo mimi hupenda kuijaribu kwanza kwa sababu haihitaji kukumbuka chochote, ni kuiuliza programu yenyewe. Fungua ileile uliyoitumia, ingia File, kisha orodha ya picha zilizofunguliwa karibuni. Ichague picha. Ikifunguka, bonyeza Ctrl, Shift na S kana kwamba unataka kuihifadhi kwa jina jingine, halafu usihifadhi. Soma tu. Kama programu yako inafuata asili ya picha, mstari wa juu wa dirisha utakuonyesha njia yote, kuanzia herufi ya diski hadi folda ya mwisho. Nimeona watu wakifanya kazi ya kompyuta miaka mingi bila kuutazama mstari huo hata siku moja, ilhali ndio unaosema kila kitu.

Yakishindikana hayo mawili, nenda kwenye dirisha la faili, chagua kompyuta nzima, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.jpg, kisha panga kwa tarehe. Kwenye kompyuta ya zamani ni kazi ya kunywea chai, lakini huleta matunda. Jaribu pia *.xcf ya GIMP na *.psd ya Photoshop, kwa sababu niliyokwisha kueleza.

Kuna wakati programu na picha hazina kosa, aliyebadilisha mambo ni Windows. Laptopu mpya nyingi, ukiziwasha mara ya kwanza na kujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuanza kupeleka Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive, ghala la mtandaoni. Kwa macho hutaona tofauti. Folda inaitwa Pictures kama zamani. Lakini njia yake sasa inapitia ndani ya folda ya OneDrive, na ile Pictures ya zamani ipo kando, tupu. Programu moja inaandika kwenye mpya, nyingine iliyokwishazoea njia ya zamani inaandika kwenye ile tupu, na wewe unaona Pictures mbili na huelewi nani mwenye nyumba. Nafasi ya bure huko ni gigabaiti 5. Kwa mtu wa picha, hiyo ni harusi moja na vipande. Ikijaa, kupandisha kunasimama. Na kwa kuwa baadhi ya picha zinaweza kubaki mtandaoni tu, zikiwa na alama ya kiwingu kando ya jina, siku bando limeisha unabonyeza picha ya mteja naye amesimama mbele yako, haifunguki.

Sisemi OneDrive ni mbaya. Mwenye intaneti ya uhakika na anayehofia wezi wa laptopu ana sababu ya kuitumia. Ila awe ameamua mwenyewe. Asiyeitaka aingie kwenye mipangilio yake, atafute sehemu ya kusimamia folda zinazopandishwa, aizime kwa Pictures. Akishazima asishtuke: picha zilizokwisha kupanda hubaki ndani ya folda ya OneDrive, na Pictures ya kompyuta itaonekana haina kitu. Azihamishe kwa mkono.

Mwenye diski ya pili, ile D, anaweza kuiamuru Pictures ihamie huko. Ibonyeze folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Location, kisha Move. Tangu hapo, programu zinazoiuliza Windows "picha zikae wapi" zitajibiwa D. Kwenye mipangilio ya Windows kuna pia ukurasa wa kuchagua mahali pa kuweka vitu vipya, na wengi huuona wakadhani wamemaliza kazi. Photoshop na wenzake huendelea na mazoea yao kama hawakusikia. Jambo moja tu nakataza: usiielekeze Pictures kwenye flashi au diski ya kuchomeka. Siku haipo, au siku Windows imeipa herufi F badala ya E, programu zitakataa kuhifadhi au zitakimbilia Documents.

Picasa inastahili aya yake, kwa sababu bado naikuta. Google waliinunua mwaka 2004 na wakaitupa mwaka 2016, lakini kwenye kompyuta nzee za stesheneri bado inachapa kazi, na kwa kweli ni nyepesi na ina adabu. Ina siri moja. Ukirekebisha mwanga au kukata picha ndani ya Picasa, picha yenyewe haijaguswa. Maelekezo yameandikwa kwenye faili dogo lililofichwa ndani ya folda ileile, .picasa.ini, na Picasa huyasoma kila inapokuonyesha picha. Kwa hiyo humo ndani picha inapendeza. Ukiinakili kwa flashi kuipeleka kwa mchapaji, inafika na giza lake lote. Mteja anasema umemdanganya. Inabidi ubonyeze kuhifadhi ndani ya Picasa, ambapo picha ya asili itafichwa kwenye folda ya .picasaoriginals, au uitoe kwa "Export", ambayo usipoielekeza kwingine hutengeneza folda yake ndani ya Pictures. Lightroom ya Adobe ina akili hiyohiyo: inachotunza ni katalogi ya maelekezo, picha zenyewe ziko pale ulipoziweka. Ukihamisha folda kwa nje, Lightroom itakuwekea alama ya kuuliza.

Simu zina mambo yao. Galari ya simu huonyesha albamu, haionyeshi mahali. Kamera huweka picha kwenye folda iitwayo DCIM. Snapseed na PicsArt huweka zao kwenye folda zenye majina yao, aghalabu ndani ya Pictures. WhatsApp tangu Android 11 imesogezwa ndani zaidi, chini ya Android, kisha media. Ukiunganisha simu kwa waya na kunakili DCIM pekee, umeacha picha zote ulizozihariri. Mwanafunzi hunambia amenakili simu nzima. Amenakili kamera. Na aliyejitumia picha mwenyewe kwa WhatsApp ili ifike kwenye kompyuta, picha aliyonayo imebanwa. Ukiikuza kwa chapa ya A4 macho yanakuwa matope. Itumwe kama dokumenti, ndipo inafika na uzito wake.

Kuhusu DCIM kuna jambo linaloumiza wapiga picha wa sherehe kuliko folda zilizofichwa, nalo ni namba. Kamera za kidijitali zinafuata kanuni iliyotungwa Japani mwaka 1998: folda huhesabiwa kuanzia 100 hadi 999, na picha kuanzia 0001 hadi 9999. Ndiyo maana kadi ya Canon ina 100CANON na ndani yake IMG_0001. Ikifika 9999 kamera hufungua folda mpya na kuanza tena 0001. Na kama mipangilio ya kamera inaanza hesabu upya kwa kila kadi, basi kadi ya asubuhi kanisani na kadi ya mchana ukumbini zote zina IMG_0001. Ukizimwaga kwenye folda moja, Windows inauliza kama ibadilishe faili zenye majina yanayofanana. Saa tano usiku, umechoka, umeme umerudi muda si mrefu, unabonyeza ndiyo. Bibi harusi akiingia kanisani amefutwa na sahani ya pilau. Hiyo ndiyo picha iliyopotea kweli, na hakuna %temp% itakayoirudisha.

Kwa sababu hiyo sishughuliki sana kubadilisha mipangilio ya kila programu. Nimebadilisha nilipoeleza, basi. Nguvu yangu naiweka mwanzoni, kabla programu yoyote haijafunguliwa. Kila kazi inapata folda yake kwenye diski D, jina likianza na mwaka, mwezi, siku, kisha kazi: 2025-06-15 kipaimara. Kwa mpangilio huo kompyuta huzipanga zenyewe kwa tarehe. Ndani yake kuna folda ya kila kadi, na moja ya kazi zilizokwisha. Picha ya mteja, iwe imekuja kwa WhatsApp, kwa zip au kwa flashi yenye virusi vya bweni, haifunguliwi ilipo. Inanakiliwa kwanza kwenye folda yake, zip inafunguliwa yote, ndipo programu inaitwa. Kwa kuwa programu nyingi hufuata asili ya picha, zitaihifadhi mahali pake bila mimi kuzibembeleza. Msaidizi wangu alipoanza aliona ni usumbufu kwa picha moja ya pasipoti. Siku chuo kinafungua muhula, foleni ikifika barabarani, halalamiki.

Ila picha iliyobandikwa haina asili. Ukinakili picha mahali fulani na kuibandika kwenye GIMP kama picha mpya, programu haina pa kuirudisha, kwa hiyo itakimbilia folda ya mwisho au Documents. Hizo ndizo ninazozisomea mstari wa juu kila mara, hata nikiwa na haraka.

Ipo pia siku programu inakataa kabisa kuhifadhi. Ujumbe unaweza kusema faili haipatikani au huna ruhusa, nawe unaona folda iko hapo hapo. Kabla ya kumwita fundi, tazama kadi ya kamera kama kile kijiswichi cha pembeni kimeshuka kwenye kufuli. Tazama diski kama imejaa. Photoshop hutumia nafasi ya diski kama ubao wa kufanyia kazi, na diski ikijaa inagoma katikati. Kisha tazama ulinzi wa Windows. Tangu mwaka 2017 una kinga dhidi ya virusi vinavyofunga faili za watu na kudai fedha. Ikiwashwa, huzuia programu isizozijua kuandika ndani ya Pictures na Documents. Inaitwa "Controlled folder access". Haiji ikiwa imewashwa, lakini kijana wa kompyuta aliyekuwekea Windows anaweza kuwa ameiwasha kwa nia njema. Usiizime, iongeze programu yako kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Na programu nzee, zile za kabla ya Windows Vista, zina mtindo wa kutaka kuandika ndani ya Program Files. Windows huzikubalia kwa mdomo, kisha huipeleka faili kwenye folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore. Ukikuta kazi yako imo humo, tafuta programu nyingine.

Na aliyekwishafuta kadi, au aliyebonyeza ndiyo saa tano usiku kwenye diski? Wa diski simpi matumaini makubwa, maana diski ya kompyuta huandikwa muda wote. Wa kadi ana nafasi nzuri, kwa sharti moja: asipige picha nyingine hata moja kwenye kadi hiyo. Kufuta huondoa jina kwenye orodha. Picha yenyewe hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, ambayo hupekua kadi kipande kwa kipande ikitambua picha kwa umbo la data, hata kama orodha imevurugika. Haina sura ya kupendeza. Majina ya asili haiyarudishi, utapata faili zenye herufi f na namba ndefu, na itabidi uketi kuzipanga kwa nyuso. Nayo, kabla ya kuanza, inakuuliza zile itakazookoa iziweke wapi. Popote penye nafasi, mwalimu, isipokuwa kwenye kadi ileile.